Mlango wa jikoni

Voi, Jumanne

Na bado nimekosea. Wiki tatu nachora nyumba yetu ya Kasigau iwe ramani ya ule mchezo wa zamani wa kompyuta wa kupiga risasi, ukuta kwa ukuta, bila adui hata mmoja. Picha hatuna. Ndovu waliibomoa nyumba, mvua ikamaliza.

Leo dada yangu Mkawasi ameshika kibodi, akatembea ndani ya mchezo mpaka jikoni, akasimama.

"Mlango ulikuwa upande wa shamba. Mama alikuwa anapika huku akiangalia kama ndovu wanakuja."

Nimeuhamisha. Kazi ya dakika moja.

Sasa nikiufungua, nje ni giza tupu. Nataka kuchora shamba lakini sikumbuki hata mahindi yalianzia...

Mkawasi pia hakumbuki. Ningemuuliza Mama, lakini nilianza kuchora baada ya kumzika.