Harufu ya Nyama Siku za Mfungo

Irini,

Nampeleka baba yako hospitali, mjini Minya. Mayai ya kuchemsha yako mezani, mpe tukirudi. ~~Mlazimishe.~~ Mbembeleze.

Asubuhi nilisikia harufu ya nyama kuungua, na sisi tuko kwenye mfungo wa Krismasi. Kumbe ni unyayo wake, ameuegemeza kwenye hita huku anadai chai. Hakusikia maumivu yoyote. Daktari kwenye simu anasema dawa za kuzuia kutetemeka anazokunywa miaka yote hii zimemmalizia vitamini, ndiyo maana miguu imekufa ganzi, na mifungo bila nyama, mayai wala maziwa ndiyo imezidisha. Padri alishamruhusu kula. Yeye ananijibu, "Mikono imenikataa, miguu imenikataa. Na kufunga nako mninyang'anye?"

Akisema mguu hauumi, usifurahi.

Mama yako