Uma Ulionyooshwa Mara Mbili

Mpendwa mshauri, wewe ni mzembe wa maneno, na leo nakwambia mbele ya wasomaji wako wote. Wiki mbili zilizopita ulimjibu yule mwanamke aliyemficha mumewe jambo la zamani, ukamwandikia kwamba siri isiyomdhuru mtu iachwe palepale ilipo. Mimi nasoma polepole, darasa la nne ndilo nililoishia, lakini nikisoma nimesoma, na kile kipande nilikikata kwa mkasi nikakiweka chini ya mto nikakilalia siku tisa, nikijiambia kwamba anayenyamaza si mimi, ni gazeti ndilo limeniruhusu. Sasa naomba msaada, na usinijibu kwa maneno laini kama uliyompa yule, maana mimi si wa kubembelezwa, nina miaka sabini na moja na wajukuu saba na sijawahi kumwomba ushauri mtu ninayeweza kumzaa.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli, na kabla ya kuwa na kitambi alikuwa mshindanaji, tena si wa kubahatisha. Alikuwa na baiskeli moja ya mashindano, ya chuma chembamba, rangi ya kijani, tairi nyembamba kama kidole, usukani umepinda kwenda chini kama pembe za kondoo, na hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, si watoto, si mimi, hata kuipangusa vumbi aliipangusa mwenyewe kwa fulana yake. Miaka thelathini na mitano iliyopita, siku moja saa nne asubuhi, alikwenda kununua vipuri akaniachia karakana, na mimi nikaitazama ile baiskeli nikataka kujua ni kitu gani hicho anachokipenda kuliko ninavyopika, kuliko ninavyovaa, kuliko nilivyo. Kuendesha najua, nilijifunza kwenye baiskeli kubwa ya mizigo nikiwa msichana, basi nikafunga mlango nikaitoa kwa nyuma nikapanda.

Mshauri, sitakuficha, ilikuwa raha. Kile kitu hakikuendeshwa, kiliruka. Nilishuka njia ya nyuma ya mashine ya kusaga nikicheka peke yangu kama mwehu, na nilipotaka kusimama nikabana breki kwa nguvu nilizozoea kwenye baiskeli ya mizigo, nikaenda moja kwa moja ukutani. Mimi niliumia kiwiko tu. Lakini uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, ulikuwa umerudi nyuma kwa vidole viwili.

Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye jambo. Mume wangu alikuwa na sheria yake ya kazi. Uma ukiletwa umepinda anaunyoosha, halafu anachukua msumari mgumu na nyundo anapiga nukta moja kwa chini, pale miguu miwili inapokutana, mahali ambapo huoni mpaka uigeuze baiskeli. Uma huohuo ukirudi tena umepinda, akigeuza akaona nukta, hanyooshi, anaubana kwenye jiliwa, lile koleo kubwa la mezani, anaukata kwa msumeno mbele ya mwenye mali, na mwenye mali akilalamika anamwambia, "Heri ulie wewe hapa kuliko mkeo alie kule." Kwa sababu chuma kikinyooshwa mara mbili kwa nje ni kizima na kwa ndani kimechoka, nacho hakikwambii kimechoka, kinakatika tu siku unayoenda kasi.

Mimi nilikuwa nimemwona akinyoosha mara mia. Nikaubana kwenye jiliwa, nikachomeka bomba la chuma, nikavuta kidogo kidogo mpaka ukakaa, nikapaka rangi ya mlango palipobanduka, nikaitundika baiskeli. Nukta sikupiga. Ningepigaje? Ningekuwa nimeandika jina langu.

Baada ya siku sita akaenda mashindanoni. Kwenye mteremko, akiwa wa pili nyuma ya rafiki yake kipenzi ambaye ni kinyozi wa mtaa wetu, akaanguka. Nyonga ikavunjika, hakushindana tena, alichechemea mpaka alipokufa. Alisema kinyozi alimgusa gurudumu makusudi. Kinyozi akaapa hakumgusa, nani amsikilize? Watu wakaacha kunyolewa kwake, akabaki na wateja wa kupita. Ile baiskeli ikatundikwa stoo na uma wake uliopinda vilevile, mume wangu hakutaka hata kuiona. Na mimi nikanyamaza, leo nikasema kesho, kesho nikasema akipona, alipopona nikasema ya nini kumchefua, miaka ikaenda. Mume wangu alipofariki, huyo kinyozi alikuja msibani amevaa vizuri, kichwa kipara, kofia mkononi, na mwanangu wa kiume akamzuia getini akamwambia, "Mzee, wewe ndiye uliyeanza kumuua." Nilikuwa nimekaa dirishani. Nilisikia kila neno. Nikavuta pazia.

Sasa huyo mwanangu, ana miaka arobaini na minne, karani wa ofisi ya maji, baada ya kumzika baba yake akaishusha ile baiskeli. Miaka miwili hana jingine. Amepiga msasa mpaka vidole vimeota sugu, amezunguka kwa wauza vyuma chakavu akitafuta breki za aina ileile, amechemsha grisi ya cheni kwenye sufuria ya mke wake mpaka mkwe wangu akaja kwangu na sufuria mkononi akaniuliza, "Mama, huyu mlimlea ninyi kweli?" Na baiskeli imerudi, mshauri. Inang'aa.

Mwezi uliopita akaniita nyumbani kwake, akaigeuza miguu juu, akamulika kwa tochi.

"Mama, njoo uone. Hapa ndipo baba alipokuwa anapiga alama. Unaona kitu?"

"Naona chuma."

"Hakuna nukta! Maana yake uma huu haujawahi kunyooshwa hata mara moja. Umepinda siku ile tu. Naweza kuunyoosha."

"Nunua mwingine. Vyuma vimejaa madukani."

"Mama, nikiweka uma mwingine si baiskeli ya baba tena. Na wenzangu kwenye msafara wa baiskeli za zamani watanicheka, sisi kila kipande lazima kiwe cha asili."

"Hata meno yangu haya ni ya asili, mbona huyapandi?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, kwani unaogopa nini?"

"Naogopa ujinga wako."

Basi. Hayo ndiyo niliyosema. Akaunyoosha, akapiga nukta moja kwa nyundo ya baba yake, akiwa na furaha kama mtu anayetia saini hati ya nyumba. Nukta moja, mshauri, na umenyooshwa mara mbili. Mpaka sasa anaizungusha uani tu. Lakini Jumapili hii wana msafara, watu ishirini na baiskeli zao za zamani, kilomita arobaini, na katikati kuna mteremko mrefu unaoishia darajani.

Nimejaribu kumzuia. Nilificha pedeli moja kwenye pipa la unga, mkwe wangu akaikuta akichota. Nilimwambia nimemwota baba yake, akafurahi, akasema, "Ananibariki." Nimewaza kumtoboa tairi kwa sindano ya kufumia, lakini ana tairi za akiba nne. Ninachotaka kwako ni njia ya kumzuia bila kumweleza kwa nini. Nikimweleza atajua ni mimi niliyemvunja baba yake nyonga, na kwamba alimfukuza mzee wa watu bure, mimi nikimtazama. Huyu ndiye mwanangu anayekuja kila Jumamosi kunikata kucha za miguu kwa sababu sizifikii tena. Nitampata wapi mwingine? Nipe njia, na iwe fupi.

Bibi wa wajukuu saba

Jibu

Shikamoo, bibi. Umenigombeza na nimepokea, sasa kaa vizuri na mimi nikugombeze.

Kile kipande ulichokilalia siku tisa umekisoma nusu. Niliandika siri *isiyomdhuru mtu*. Wewe ukabeba maneno unayoyataka, yale mengine ukayaacha gazetini. Yako ina mtu juu yake, amevaa kofia ya mashindano, anashuka mteremko Jumapili. Hiyo si siri tena tangu mwanao alipowasha tochi. Ni habari ya hatari, na duniani anayo mtu mmoja tu, naye anaficha pedeli kwenye unga.

Sikutegemea akili yangu peke yake. Nilikwenda kwa fundi mzee wa baiskeli hapa jirani na ofisi yetu, nikamsimulia bila kutaja mtu. Nilipofika kwenye bomba na jiliwa alikuwa anacheka, akasema huyo mama angefaa kuajiriwa. Nilipomwambia uma huohuo umenyooshwa tena mwezi uliopita, akaweka kikombe chake cha chai chini. Akasema, "Asiipande baiskeli hiyo hata kwenda dukani."

Unaniomba njia ya kumzuia bila kumweleza. Haipo. Ukimtoboa tairi atabadilisha tairi. Ukijifanya mgonjwa Jumapili hii, atakwenda Jumapili ijayo. Mwanao ni mtu mwangalifu, bibi, umemlea vizuri. Alitafuta alama kabla ya kugusa chuma. Hakufanya ujinga hata kidogo, alifuata sheria ya baba yake neno kwa neno, na sheria hiyo imemdanganya kwa sababu yako. Usimwite mjinga tena.

Sasa lile linalokuuma. Kupanda baiskeli ya mumeo hakukuwa kosa la kubeba miaka thelathini na mitano. Ulikuwa mwanamke kijana, ulitaka kuonja kitu anachokipenda mumeo, ukacheka njiani peke yako. Mimi nimesoma hapo nikacheka na wewe. Hata kuunyoosha kwa siri ni woga wa kawaida wa nyumbani, nani hajawahi kugundisha kikombe kilichovunjika akakirudisha kabatini? Na kwa kweli hujui ni nini kilichomwangusha mumeo. Inawezekana ni uma. Inawezekana gurudumu liligusana na gurudumu bila mtu kukusudia, inawezekana vyote viwili. Hutajua, na mimi sitakudanganya kwamba utajua.

Lakini kuna mtu alihukumiwa kama vile inajulikana. Hapo sikuonei huruma, bibi. Ulikaa dirishani ukavuta pazia. Mzee wa watu alikuja kumzika rafiki yake akarudishwa na kofia yake mkononi, na mtu pekee aliyeweza kusema "mwacheni apite" alikuwa wewe. Woga wa siku sita naufahamu. Huu wa msibani ulikuwa kiburi, na kwa barua yako tu najua unalijua jina lake.

Unaogopa mwanao atakuchukia. Huenda atanuna. Huenda Jumamosi moja mbili kucha zako zikakaa bila kukatwa, na utaumia, na utastahili kuumia kidogo. Lakini mwana aliyenuna ni mwana aliye hai, unaweza kumpelekea chakula mlangoni akakikataa na kesho ukapeleka tena. Na fikiria hili pia. Miaka miwili anapiga msasa akimtafuta baba yake kwenye chuma. Wewe una asubuhi nzima ya nyumba ile ambayo hajawahi kusimuliwa, baba yake alipokuwa kijana, na mama yake akishuka njia ya mashine ya kusaga nywele zimesimama. Hatakuwa na hasira tu akiisikia. Mpe yote, pamoja na raha yake, usimpe kosa peke yake.

Umeandika namba ya simu chini ya barua. Nimepiga mara nne, hupokei. Kwa hiyo nakwambia hapa, na leo ni Ijumaa.

Nenda kwa mwanao kabla hajarudi kutoka kazini, mngoje hapohapo kwake, usimpigie simu na usimtume mkwe wako. Akiingia usianze na habari za wajukuu wala maumivu ya mgongo. Sema sentensi hii kwanza, ndipo uketi: "Uma wa baba yako niliupinda mimi na nikaunyoosha mimi, siku sita kabla hajaanguka." Halafu nyamaza, umwache aseme anachosema, hata kikiwa kibaya. Akitaka bado kuipanda, mwambie aende kwa fundi yeyote amuulize kuhusu uma ulionyooshwa mara mbili. Akiweka uma mwingine wa zamani kwenye fremu ya baba yake bado itakuwa baiskeli ya baba yake, na kama wenzake watamcheka, basi wacheke na yeye yupo. Usiondoke pale mpaka umeuona umetolewa.

Kwa kinyozi utakwenda Jumatatu asubuhi, mapema, kabla hajapata mteja. Mwanao akikubali kukusindikiza, mwende wawili. Akikataa, nenda peke yako, ukae kwenye kile kiti chake kinachozunguka, umtazame kwenye kioo na umwambie kila kitu bila kujitetea. Usimwombe asahau. Mwambie utayasema hayo pia kwa majirani walioacha kunyolewa kwake, na useme kweli, nyumba kwa nyumba, walio hai.

Hayo ni ya Jumatatu. La leo ni moja. Acha kusoma, vaa viatu, nenda kwa mwanao.