Mti Uliosimamishwa Mlangoni Kwetu

Nyumba ya Wageni, chumba cha sita,
Kathmandu, Nepal.
2 Juni 1979

Mpendwa Bibi Pavla,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyosema inanuka kuliko zizi, bado unaipaka, au umeshaisingizia kwamba haifai? Mimi mwili ni mzima. Nimekonda tu, na pua imebabuka kwa jua mpaka inachunika kama kiazi cha kuchemsha. Natumaini ng'ombe wetu Milka ameshazaa salama.

Barua yako niliikuta posta hapa juzi, tuliposhuka kutoka mlimani. Nimeisoma mara nne. Umenicheka kwamba zamani niliogopa kupanda darini kuchukua vitunguu, na leo nimesimama juu ya dunia. Ukanieleza jinsi wazima moto wa Podskala walivyokata msonobari mrefu kuliko yote, wakaumenya magome, wakabakiza kishungi cha majani juu kabisa, wakauvika taji la maua ya karatasi na kuusimamisha mlangoni kwetu, kama wanavyomfanyia padri mpya. Bendi ikapiga, paroko akaomba, nawe ukaoka mikate minne ya potica, ile ya kujazwa kokwa za jozi, mpaka jozi za mwaka mzima zikaisha.

Bibi, mti ule si wangu. Sikufika kileleni.

Nitakueleza ilivyokuwa, na naomba usinikatize kwa kunitetea, maana nakujua. Katika kambi ya juu tulikuwa wawili, mimi na Lovro wa jirani yetu Mama Tončka. Lovro alikuwa anakohoa vibaya, tukakubaliana abaki hemani, mimi nipande peke yangu. Mbebaji wetu alikuwa anashuka alfajiri kumpelekea tarishi barua, na tarishi akishaondoka harudi mpaka baada ya siku nane. Anga lilikuwa safi, nami nikajiamini kupita kiasi. Nikaona bora niandike kabisa usiku ule: "Bibi, nimefika juu. Lovro hajambo, amebaki hemani." Nikaweka na tarehe ya kesho yake.

Kulipokucha nilipanda muda wa saa mbili. Hapakuwa na dhoruba, usije ukanitafutia udhuru. Nilifika mahali ukingo unapokuwa mwembamba, nikatupa jicho chini upande wa kushoto, miguu ikagoma. Nilikaa kwenye theluji nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Kisha nikageuka nikashuka.

Lovro alinipa chai. Alisema tu, "Kaa upate joto, ngoja na mimi nikajaribu bahati yangu," akafunga viatu, akaondoka huku anakohoa. Alirudi jua linazama, ana mawe matatu ya kileleni mfukoni, na vidole vya mikono vimekuwa vyeupe kama mishumaa kwa baridi. Aliyefika ni yeye.

Sasa sikia kinachoniumiza zaidi. Kosa la kuandika mapema ningeweza kulifuta. Tarishi alirudi siku ya nane, nikampa ile barua ya pili niliyokuulizia habari za Milka na kukuomba soksi. Kalamu ilikuwa mkononi na sikuandika lililo kweli. Niliona haya, nikajidanganya kwamba nitakuja kukuambia nyumbani, tukicheka. Lovro hawezi kushika kalamu, kwa hiyo aliniomba nimwandikie mama yake kwamba amefika. Sikumwandikia, maana barua yake na yako zingegongana siku ya kwanza watu kukutana kwenye lango la kanisa. Lovro nikamwambia nimeshaandika.

Halafu naona kwenye barua yako kwamba Mama Tončka, ambaye hamjasemeshana tangu ule ugomvi wa mpaka wa bustani, alikuja shereheni na kikapu cha mayai. Akakaa mwisho wa benchi, akakuuliza kama nimemtaja mwanawe. Ukamjibu, "Wako kabaki hemani anakohoa, mama. Si kila mtu ana kifua cha ukoo wetu." Nasikia kabisa sauti yako. Ulisema hivyo mbele za watu kwa sababu uliniamini mimi.

Jana nilimsomea Lovro barua yako yote. Nilitegemea anitukane. Akaniuliza tu, "Mama alivaa lile gauni lake la Pasaka?" Nikamwambia hukuandika. Akageukia ukutani, na hajanisemesha tena mpaka sasa. Daktari amesema vidole viwili havitapona.

Tunafika tarehe ishirini kwa treni ya jioni. Usingoje nifike, Bibi, maana Lovro akienda kwao lazima apite mbele ya mlango wetu, na sitaki aukute mti ule pale. Nenda kwa Mzee Jernej wa wazima moto umweleze yote, waung'oe wakausimamishe kwa Mama Tončka. Kisha vuka njia umsomee barua hii wewe mwenyewe, kwa sauti, usiruke neno. Najua ninachokuomba. Nalijua goti lako na naijua shingo yako. Wazima moto wakikataa, nitaubeba mimi siku hiyohiyo, kabla sijaingia ndani, kijiji kizima kikiniangalia.

Nisalimie Shangazi Zofka na binamu Rozalija, nao waambie ukweli usije ukawafikia kutoka kwa watu. Mungu akuweke, na akupe nguvu za kuivuka ile njia. Sijui utanipokea vipi, lakini wewe ndiye uliyenilea, na hakuna mwingine ambaye ningeweza kumwandikia haya.

Ni mimi mjukuu wako akupendaye, niliyekutia aibu,
Gašper

N.B. Kile kikapu cha mayai, kama bado kiko jikoni kwetu, nenda nacho. Usimrudishie kitupu.