Tenti ya Pili

Matungu,
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kwa dada yangu mpenzi Khadija, Busia.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako sasa linakubali kusujudu bila kukusumbua. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba Hamida kikohozi kimemwacha, ila ukali ndio umebaki. Mvua imekuja vizuri, miwa ya shamba la chini imenifika kiunoni, na yule kuku wako mwekundu uliyeniachia siku hizi ni bibi mzima, anatembea na vifaranga kumi na kimoja kama mke wa chifu.

Najua utashangaa mtu mwenye simu kukuandikia barua. Lakini dada, simu zangu huzipokei tangu Januari. Hata nilipokupigia kwa simu ya jirani yangu, Mama Lusweti, ulisikia sauti yangu tu ukakata. Sikulaumu. Ndiyo maana nimempa huyo huyo Mama Lusweti barua hii akuletee anapokuja kuchukua mitumba huko. Isome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati. Habari ya mwanao Yasin imo humu, lakini siwezi kuifikia bila kupitia kwa Hamida, kwa hivyo nivumilie.

Hamida wetu, mashallah, yuko palepale kliniki ya Lurambi. Wao wanamwita mtaalamu wa maabara. Mimi namwita daktari, na watu wa hapa wameshazoea. Juzi tu mke wa mwalimu Mukhwana ameniuliza binti yangu atakuja lini amwangalie damu. Nikamwambia afanye subira, daktari ana kazi. Dada, huyu mtoto anataka kufungua maabara yake mwenyewe pale Ekero, ili akina mama wa huku wasisafiri hadi Kakamega kwa sababu ya tone moja la damu. Chumba ameshakiona. Hadubini ameshaichagua, ameniletea hata picha yake kwenye simu nami nimewaonyesha wengi.

Shida ikawa benki. Alipokwenda kuuliza mkopo wa vifaa, wakamwambia hawamjui. Nilikasirika, nikamuuliza watakosaje kumjua na mshahara wake unapitia kwao kila mwezi! Akanieleza kwamba benki haikujui kwa mshahara, inakujua kwa kukopa na kurudisha. Mtu ambaye hajawahi kukopa hana historia, na asiye na historia wanamwogopa kuliko hata mwenye deni dogo. Mimi niliona ni maajabu, lakini yeye hakulia. Alichukua kalenda ya zamani, akaigeuza nyuma, akachora mpango wake, akaubandika nyuma ya mlango wa chumba chake hapa nyumbani.

Mpango wenyewe ulikuwa wa kadi tatu. Hizi ni kadi ambazo unanunua kitu leo, benki inalipa, nawe unawarudishia siku uliyopangiwa. Ya kwanza ndogo, kutoka benki ya mshahara wake. Aitumie kidogo na alipe yote kabla ya siku. Baba Hamida hapo ndipo alisimama imara, akasema riba haitaingia nyumbani mwake, na Hamida akamwahidi kwamba ukilipa yote mapema riba haikugusi. Baada ya miezi sita au zaidi, aombe ya pili kwa benki nyingine, ya kuagizia dawa za kupimia kutoka nje. Mwaka unaofuata, ya tatu. Halafu ndipo arudi kuulizia mkopo wa maabara, akiwa mtu anayejulikana.

Mimi nilimwambia mbona ajichoshe hivyo, aombe benki zote siku moja, kama tunavyofanyanga tukichangisha harusi. Unagonga kila mlango asubuhi, na jioni hukosi cha kubeba. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, “Mama, benki si akina shangazi.” Kila benki ikikuulizia, alama inabaki kule kwenye rekodi ya CRB, ile ofisi inayotunza habari za madeni ya watu, na ya pili ikiona alama nyingi za wiki moja inadhani una njaa, inafunga mlango. Ndipo nikaelewa, maana ni kama miwa. Hatupandi mashamba yote mwezi mmoja, yasije yakakomaa pamoja tukakosa lori. Nilipomwambia hivyo akaniambia kama ningesoma ningekuwa meneja. Nami naamini.

Basi Januari akaomba ile ya kwanza. Akanyimwa.

Wewe ulisikia ya upande wa Yasin, na sasa najua hata yeye hakukuambia yote. Ilikuwa hivi. Kijana mmoja wa benki, Kipchirchir, mwenye heshima zake, alimgeuzia Hamida kompyuta aone mwenyewe rekodi ya CRB, maana siku ile ya mkopo waliangalia vitabu vyao tu. Kulikuwa na mkopo wa simu wa shilingi elfu sita, uliochukuliwa kwa laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho cha Hamida, mwezi uleule tuliofanya sherehe ya mahafali yake. Ulilipwa kidogo, ukaachwa, ukawa elfu kumi na moja. Jina lake likapelekwa CRB. Na ile laini yeye hakuijua.

Alikuja nyumbani na namba imeandikwa kwenye karatasi. Tulikuwa sebuleni wanne, yeye, mimi, baba yake na Yasin. Unajua Yasin alikuwa ametimiza mwaka wa tatu kwetu, na kibanda chake cha kutengeneza simu pale Ekero kilikuwa kimeshika. Baba Hamida hakutafuta mbali. Alisema simu zote za Ekero zinapita mikononi mwa mtu mmoja, na mwezi ule wa mahafali kitambulisho cha Hamida kilikuwa juu ya meza hiyohiyo, sasa nani mwingine? Yasin akajibu, “Baba, si mimi.” Akaulizwa ni nani, akanyamaza. Hamida alisema tusiharakishe, ila baba yake alikuwa ameshapandwa na hasira. Kabla ya magharibi mwanao alifunga kisanduku chake cha vifaa, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Nawe ukakata simu, ikawa hivyo miezi minane.

Hamida hakukata tamaa. Alilipa lile deni lote kutoka kwa mshahara wake, akapata cheti cha kuonyesha limekwisha, ingawa alama inakaa miaka. Kipchirchir akamshauri aanze na kadi ya dhamana. Unaweka akiba yako benki, wanaifunga, wanakupa kadi ya kiasi kisichozidi hicho. Alitoa pesa zake zote za hadubini, dada, shilingi elfu arobaini, akazifungia humo. Kadi ikatoka Machi. Ni ya buluu, ina jina lake herufi kubwa. Niliishika mbele ya wanawake wote wa chama, ikazunguka, ikarudi ina mafuta ya mandazi. Kila mwezi ananunua glavu zake na vitu vidogo, na kila tarehe ishirini ameshalipa. Mwezi uliopita benki wakampigia wenyewe, eti wameongeza kiasi cha kadi na wamemrudishia akiba yake. Wenyewe! Kwenye kalenda ya mlangoni amezungushia Oktoba kalamu nyekundu, ndiyo ya kadi ya pili.

Dada, hapa ndipo kalamu inakuwa nzito.

Jumatano iliyopita nilipata kitambulisho changu kipya. Unakumbuka cha zamani kilipotea kule kwenye arusi ya Mumias, na tangu hapo laini yangu imeandikishwa kwa jina la Baba Hamida. Hamida akafurahi, akasema sasa hata mimi tuanze kunitengenezea historia, niwe na kadi ndogo ya unga na mafuta ya mandazi. Akaniangalizia jina langu kule CRB kwa simu yake. Likatoka safi. Hakuna deni, hakuna alama, hakuna kitu. Akanikumbatia, akasema, “Mama, jina lako ni safi kuliko langu.”

Nilitamani ardhi inimeze na kikaango changu.

Ni mimi, Khadija. Ile laini ni yangu.

Wakati wa mahafali nilikuwa nimewatangazia watu kwamba tutakuwa na tenti mbili. Si moja kama watu wa chini, mbili. Pesa za miwa zikachelewa, na Baba Hamida akasema moja inatosha, wengine watakaa chini ya miti. Mimi sikuweza. Nilishawaambia. Nikachukua kitambulisho cha Hamida mezani akiwa amelala, nikaenda sokoni nikanunua laini, na wakala hakuniuliza maswali mengi. Nikasema ni laini ya wateja wa mandazi, nyumbani sikumpa mtu namba yake, na kweli wateja waliitumia miezi miwili mitatu. Ila siku ileile nilikopa elfu sita, maana mikopo ile ya simu haikuulizi historia, nikalipa tenti ya pili. Na wewe ulikaa ndani yake, kwenye viti vyenye vitambaa, ukanisifu. Mimi ninayewasema wenzangu kwa riba, nilikula riba kwa sababu ya kivuli cha nusu siku.

Nilirudisha kidogo kidogo. Halafu kisimu nilichokitilia ile laini kikatumbukia kwenye beseni la vyombo, kikazima, nami nikaona hapo ndipo deni limezama pia. Usinicheke. Nilidhani deni linakaa ndani ya laini. Nilimpa Yasin simu aikaushe. Akaiwasha, ujumbe wa kudai ukaingia mmoja nyuma ya mwingine, naye akausoma, kwa sababu ulikuwa palepale kwenye kioo. Akaniambia polepole, “Mama mdogo, hii laini usiitupe. Lipa kwanza.” Nikamwambia nimesikia. Nikaitupa chooni.

Kwa hivyo mwanao alijua. Siku ile sebuleni Hamida aliposoma ile namba, Yasin hakumtazama Baba Hamida. Alinitazama mimi. Alinipa nafasi, dada. Alingoja niseme. Nami nikainuka, nikaenda jikoni kuangalia maharagwe ambayo hata hayakuwa motoni. Angeweza kunitaja kwa neno moja. Akachagua kuitwa mwizi kuliko kumwaibisha mdogo wa mama yake mbele ya mume wake. Sijui ulimlea kwa maziwa gani.

Jumatano ile ile nilimwambia Hamida. Akauliza ni tenti ipi, ile ya bluu au ile nyeupe. Nikasema nyeupe. Akasema watu wenyewe walikuwa wamejaa kwa ile ya bluu karibu na chakula, nyeupe ilikuwa na mama mkubwa na wazee watatu. Tukacheka, halafu akalia, nami nikalia. Akaniambia amenisamehe ya kadi, lakini ya Yasin si yake kusamehe. Na baba yake ikabidi nimwambie mimi mwenyewe. Nilimwambia juzi Ijumaa alipotoka msikitini. Hakunipigia kelele, na hilo ndilo liliniumiza. Alikaa, akavua kofia, akasema kwamba amemfukuza mtoto aliyekuwa anaifichia nyumba yake aibu.

Sasa, dada, tunaomba kuja Jumamosi. Baba Hamida anakuja kumwomba Yasin radhi kwa mdomo wake, na unajua hajawahi kumwomba mtu radhi tangu nimwoe, yaani tangu anioe. Mimi nakuja nyuma yake. Nitaleta ingokho wawili, watoto wa yule kuku wako, na pesa za Hamida nimeanza kumrudishia kwa mandazi, elfu moja kila wiki. Ukinifungia mlango nitakaa nje nipike palepale, nawe unajua sauti yangu, majirani watajua kila kitu.

Mwambie Yasin pia kwamba kile chumba cha Ekero kina milango miwili ya mbele. Hamida anahitaji mmoja tu. Ule mwingine amesema hataki mpangaji mgeni, ataungoja hata mwaka, mpaka fundi mmoja wa simu aamue mwenyewe. Asijibu kwa ajili yangu. Ajibu kwa ajili ya dada yake.

Nisalimie wote hapo kwako, mkubwa kwa mdogo, na Mama Sydney wa duka la mbele mwambie bado nakumbuka chai yake. Hamida anakubusu mikono. Na ukipata nafasi, si lazima, waeleze watu wa huko kwamba mpwa wako ana kadi ya benki yenye jina lake, na Oktoba anaomba ya pili.

Nyuma ya bahasha nimeandika namba mpya. Nimeisajili jana, kwa kitambulisho changu, kwa jina langu, na sijampa mtu mwingine yeyote. Ikilia nitajua ni wewe.

Wasalaam,
mdogo wako mwenye makosa,
Mwanasha, Mama Hamida