Namna ya Kumpunguza Mtu

Jumatatu, 2 Juni 1975

Darasa la sita, viambishi. Nimeandika ubaoni: mtu, kijitu, jitu. Wamecheka kijitu. Nikauliza kwa Kisukuma tunafanyaje, wakajibu kwa pamoja: ka. Ngosha ni mwanamume. Kagosha ni kijitu tu. Wanajua vizuri. Jumamosi walikuwepo mkutanoni na wazazi wao.

Nilisimama pale nikauliza yako wapi mabati ya mama. Mwaka jana, tulipohamishiwa kijijini, Mwenyekiti wa kijiji aliamuru paa letu liezuliwe ili tusirudi kule mahameni. Akasema mabati yatatufuata. Yako juu ya ghala lake la pamba, kila mtu anayaona. Baba aliyanunua kwa pamba yake mwenyewe kabla hajafa. Mama analala chini ya nyasi zinazovuja, na kifua hakijapona tangu mvua.

"Haka kamwalimu kakae chini," alisema Mwenyekiti. Watu wakacheka. Nikakaa.

Nitamlipa.

Alhamisi, 5 Juni

Sitakwenda kwa Katibu Kata. Yeye na Mwenyekiti wanakula sahani moja.

Nimekwenda kwa Masunga, manju anayeongoza nyimbo za kundi la ngoma la Bagalu. Mwenyekiti ni mlezi wa Bagika, wapinzani wao wa ngoma tangu enzi za mababu. Sabasaba watacheza uwanja mmoja hapa Bariadi. Watazamaji wakihamia upande mmoja, upande wa pili umeaibika. Na maneno ya ngomani huishia ngomani, hayapelekwi barazani. Nimemwambia nitamtungia wimbo wa kumdogosha Mwenyekiti. Akaniuliza kama siogopi kufukuzwa kazi.

Naogopa. Nitatunga.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa nimemuuliza padre, Mholanzi, kwao wanampunguzaje mtu. Kasema wanamtia mkia. Man ni mwanamume, mannetje ni kijitu. Alidhani ni kwa ajili ya darasa, akafurahi, akanipa na mifano mingine. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimetoka kupokea komunyo.

Ijumaa, 20 Juni

Nesi wa zahanati ni Mhaya. Kwao omushaija ni mwanamume, akashaija ni kijitu. Mbele, kama sisi.

Kisha dukani kwa Bwana Salim kununua mafuta ya taa. Anajua Kiarabu kiasi. Kasema Waarabu hawaweki mbele wala nyuma, wanaingia katikati ya neno. Kalb, mbwa. Kulaib, kijibwa.

Kijibwa! Nimetabasamu njia nzima, nusura nimwage mafuta. Kumbe kila mahali watu wamekaa chini wakatafuta namna ya kumdogosha mwenzao. Wengine wanamkata kichwani, wengine mkiani, Waarabu wanampasua tumbo. Mwenyekiti atazipata zote.

Jumatano, 2 Julai

Mwenyekiti kasikia. Leo kasimama mlangoni mwa darasa langu, katikati ya somo, akasema uhamisho ni kitu chepesi, kuna shule mpya huko porini Meatu inataka mwalimu. Nikageukia ubao, nikaendelea na somo.

Nani atamchotea mama maji nikipelekwa Meatu? Nimewaza hilo mpaka jioni. Mama kakohoa kutwa.

Nimeongeza ubeti.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Vumbi, jua, watu wametoka hadi Kasoli na Lalago.

Masunga alianza taratibu, kama anayebembeleza. Kagosha, ngoma ikajibu. Akashaija, ikajibu. Mannetje. Kulaib. Watu hawakujua maneno yote, lakini walijua anaimbwa nani. Kisha kiitikio, swali tu: yako wapi mabati ya mayu, mabati ya mama? Wanawake wakalidaka wa kwanza. Upande wa Bagika ukaanza kumeguka, mmoja mmoja, halafu wote. Mwenyekiti akabaki na wapiga ngoma wake, nao wakichungulia upande wetu.

Nilifurahi. Naandika tena: nilifurahi.

Jumamosi, 19 Julai

Mwenyekiti alisimama mkutanoni kuzungumzia bei ya pamba. Mtu nyuma akaguna, mannetje. Mkutano ukaishia hapo. Uhamisho wangu hautajwi tena, kila mtu angejua sababu yake.

Asubuhi watoto humpokea njiani kwa lile swali. Nasikia mke wake haendi tena kisimani mchana. Hilo sikulitunga mimi.

Simwonei huruma. Labda mke wake.

Jumapili, 27 Julai

Mwenyekiti kaja asubuhi na mkokoteni wa ng'ombe. Peke yake. Mabati yote, misumari, na ngazi mbovu.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia mama.

Mama akamwitikia vizuri, akamwita baba kwa heshima, akampa kigoda na maziwa. Alikunywa akiangalia chini, kisha akapanda paani.

Anazeeka. Kutoka chini niliona visigino vyake vimepasuka kama vya mkulima yeyote. Ngazi ilicheza kila alipopiga nyundo. Nilikuwa nimesimama kando, mikono kifuani. Ingetosha niendelee kusimama hivyo, aanguke.

Mama alitoka nje, akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Shika ngazi," alisema. "Asije akaanguka."

Sijamsamehe. Niliishika kwa mikono miwili, vumbi la kutu likiniangukia usoni, mpaka alipopigilia bati la mwisho akashuka.