Marehemu Mkuu wa Maabara

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa kazini, nacheka mbavu sina.

Leo ndiyo ulikuwa mtihani wangu wa kutoa damu, na mkuu wa maabara akajitolea mkono wake mwenyewe. Mshipa nikaupata mara moja. Ila kichupa cha pili hakikujaa, nami nikaona aibu kumchoma tena. Nikakijazia kwa damu ya kile chenye kifuniko cha zambarau.

Majibu yakatoka. Mzee akayasoma ofisini kwake huku anatafuna mkate, akavua miwani.

"Kwa potasiamu hii, moyo wangu ulishasimama."

Akatafuna tena.

"Sasa marehemu anakuuliza. Ulimimina kutoka cha zambarau?"

Marehemu, mwenzangu. Na mkate mdomoni.

Nikakiri. Ile dawa ya kuzuia damu isigande, iliyomo kwenye cha zambarau, ina potasiamu tele. Wewe mwenyewe ulinikaririsha, usinitukane.

Nikajua nimefeli. Yeye akakunja shati mkono wa pili, akaunyoosha mezani.

"Rudia. Na safari hii unirudishe duniani."

Nimemrudisha. Jumatatu naanza na wagonjwa.