Gari Hii Haiuzwi

Noonkopir,
Kitengela.
21 Septemba 2025

Mpendwa kaka Khisa,

Mulembe sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Halifax, wewe na mama watoto na wale mapacha ambao kwenye picha ya mwisho walikuwa wamekupita mabega. Mgongo unaendeleaje? Ulisema daktari amekukataza kuinua vitu vizito, na kwa vile nakujua, najua umeinua. Sisi hapa tu wazima. Upepo wa Kitengela unaangusha nguo kambani kabla hazijakauka, na vumbi tunalila pamoja na chai, lakini hakuna aliyelala kwa ugonjwa, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Mama nilizungumza naye Alhamisi. Magoti yanamsumbua asubuhi, ikifika saa nne anasahau kwamba yanamsumbua. Mahindi yamekauka shambani, anangoja mvua ipungue avune. Alinituma nikuambie zile soksi ulizomtumia ni nzito mno kwa Bungoma, lakini amekataa kumpa mtu.

Sasa nije kwa lile jambo. Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kule kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp kila mtu anaongea na hakuna anayesikiliza. Najua Barasa, kaka mkubwa wa mume wangu Lennox, alikutumia sauti ya dakika saba akikueleza kwamba dada yako amepotoka, amenunua gari ya vijana wa mbio, na kwamba wewe kama kaka unishauri niiuze. Nawe ukaniandikia, "Nasike, fikiria watoto." Maneno hayo machache yaliniuma kuliko dakika zake saba. Kwa hivyo keti nikueleze jinsi nilivyofikiria watoto.

Unaikumbuka gari yetu ndogo, ile ya injini ya lita moja. Siwezi kuitukana. Ilinipeleka Kajiado shuleni na kunirudisha kwa miaka sita na haikuniacha barabarani hata mara moja. Lakini tulipoinunua tulikuwa na mtoto mmoja wa kubebwa. Siku hizi kila asubuhi tunaingia mimi, Elsie ambaye ana miaka kumi na mitatu na miguu mirefu ya upande wetu, mdogo wake Simiyu, na mwalimu Purity tunayefundisha naye, pamoja na mabegi na vitabu vya kusahihisha. Ikifika kilima inapumua kama mtu mgonjwa.

Hili nitakalokuambia sasa, hata Lennox nilikuwa nimemwambia nusu yake tu. Ilikuwa Machi, tumepita Kisaju, hatujafika Isinya. Mbele yetu kulikuwa na trela ya simiti ikitambaa. Nikaangalia, barabara ilikuwa tupu, nikatoka kuipita. Nilikanyaga mafuta mpaka chini na gari haikuongeza chochote, Khisa. Ililia tu. Tulikuwa katikati ya trela wakati basi lilipotokea juu ya mwinuko likija kwetu. Nikataka kurudi nyuma, lakini lori la pili lilikuwa limeshaziba ile nafasi niliyotoka. Purity alikuwa anapiga kelele, "Mwalimu, rudi! Rudi!" na hakukuwa na pa kurudi.

Aliyetuokoa ni dereva wa trela. Alifunga breki, akateremsha magurudumu yake kwenye changarawe, nami nikajipenyeza mbele yake basi likipita na honi yake yote. Sikumwona uso. Mpaka leo namwombea bila kumjua jina. Nilisimama Isinya kando ya barabara nikashindwa kutoa mikono kwenye usukani. Simiyu aliuliza kama tumefika shule. Elsie hakuuliza kitu. Kuanzia siku hiyo, kila tulipokaribia nyuma ya lori, mtoto huyo alifumba macho na kubaki hivyo mpaka tulipite.

Nusu ya kosa ni yangu, na sitaificha. Sikupaswa kutoka pale. Lakini mimi nafundisha fizikia. Najua uzito, najua nguvu, najua sekunde. Nilijua kwamba gari inayochukua muda mrefu hivyo kupita lori, ikiwa na watu wanne ndani, si gari ya familia kwenye barabara ya Namanga, hata kama inakunywa mafuta kidogo kama shomoro. Nikaapa kwamba gari itakayofuata itakuwa na nguvu ya kutosha, breki za kutosha, na nafasi ya watoto, na kwamba nitainunua na akiba yangu ya ushirika wa walimu bila kukopa mtu.

Barasa aliposikia tunatafuta gari, alijitwika kazi hiyo. Alisema ameshatupatia: van ya viti saba kwenye yadi moja ya rafiki yake kule Ngong, safi, imetembea kidogo, bei ya kindugu. Tukaenda Jumamosi, yeye, Lennox, mimi na Muteti, fundi wangu wa hapa Kitengela. Kwa nje ilikuwa inang'aa. Mita ilisoma kilomita elfu sitini na nane. Lakini Khisa, raba ya kikanyagio cha breki ilikuwa imelika mpaka chuma kikaonekana, na usukani ulikuwa laini kama mpini wa jembe la babu. Nikafungua mlango wa dereva nikatazama ile sehemu wanayobandika karatasi wakibadilisha oili kule Japani. Maandishi siyajui, lakini namba ni namba. Ilisema elfu mia moja arobaini na moja.

Nikamwita muuzaji nikamwonyesha. "Hii karatasi na hii mita, ni gani inasema ukweli?"

Akacheka. "Mama, hayo ni maandishi ya Kijapani. Huenda ni namba ya simu."

"Basi tuipigie," nikamwambia.

Muteti aligeuka akajifanya anaangalia tairi, mabega yake yakitetemeka kwa kicheko. Barasa hakucheka. Ndani ya gari tukirudi alisema nimemwaibisha mbele ya rafiki yake, na kwamba mambo ya injini ni ya wanaume. Nilimwuliza ni mwanaume gani pale aliyekuwa ameiona ile karatasi. Kuanzia hapo, kaka, ndipo hii vita ilianza. Haikuanza na gari ya turbo niliyoinunua baadaye.

Gari niliyoinunua niliipata Kajiado kwenyewe. Kuna mama mmoja anaitwa Resian, daktari wa mifugo aliyestaafu, aliyezunguka na hiyo gari kutibu ng'ombe mpaka Rombo karibu na mpaka wa Tanzania. Purity anasali naye kanisa moja, ndiye alinipeleka. Tulipofika alitusalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," tukaitikia, "Iko," halafu kabla hata ya chai akaniuliza, "Unataka kukimbia na hii gari ama unataka kufika?"

"Nataka kufika," nikasema. "Lakini nikiwa kando ya trela, nataka kufika haraka."

"Hapo tunaelewana," akasema, na akaenda kuleta faili.

Ni Forester ya turbo, yaani injini yake inasukumiwa hewa ya ziada ipate nguvu, ya mwaka 2013, rangi ya kijivu, na mkwaruzo mrefu mlangoni ambao Resian alisema ni wa pembe ya fahali aliyekataa sindano. Kwenye faili kulikuwa na risiti ya kila oili, kila pedi ya breki, kila tairi, tangu siku aliyoinunua. Muteti alilala chini yake karibu saa nzima. Aliangalia kama turbo inavuja, kama injini inatoa moshi, kama gia inabadilika vizuri ikiwa moto. Alitoka akijipangusa mikono akasema, "Mwalimu, hii imetunzwa na mtu anayejua kitu kikiwa hai." Na bei yake, Khisa, ilikuwa chini ya ile van iliyorudishwa mita. Watu wanaogopa turbo iliyotumika, kwa hivyo mwenye nayo hushusha bei. Mimi niliogopa ile ambayo haikuwa na historia.

Sitakudanganya kwamba haina gharama. Inakula mafuta kuliko ile ndogo, oili yake haitaki ya bei rahisi, na bima ilipanda. Niliyajua yote nikayakubali. Nimeacha kununua chakula cha mchana Kajiado, nabeba githeri. Lakini nikitoka nyuma ya lori sasa, nakanyaga mafuta kidogo na lori linabaki nyuma kama mti. Mwendo wangu haujazidi. Napita tu na kurudi upande wangu mapema. Breki zinashika. Wiki ya tatu tukienda shule, nilitazama kando nikaona Elsie anasoma ubao wa nyuma ya lori kwa sauti, akicheka maneno waliyoandika. Nilijikaza nisilie hadi nikawashusha.

Barasa alianza kusema mara tu alipoiona. Kanisani, kwa majirani, kwenye simu. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili na turbo. Mwalimu. Mke wa mtu. Kwamba Lennox ameshindwa na nyumba. Kilichomchoma zaidi ni logbook, hati ya gari, kuwa na jina langu. Akaitisha kikao kwetu, Jumapili ya mwisho wa Agosti, na hakuja peke yake. Alikuja na jamaa mmoja wa Gataka anayeitwa Mbugua, amevaa vizuri, na nikaona Mbugua anaizunguka gari yangu akiipiga teke tairi kabla hata hajasalimia watu. Shemeji yangu alikuwa ameniletea mnunuzi nyumbani kwangu!

Tukaketi uani. Nikapika chai kwa sababu mama alitulea hivyo, lakini ya Mbugua niliimimina nusu kikombe. Barasa akaeleza kwamba huyu jamaa atalipa zaidi ya bei niliyonunulia, kwamba pesa itatosha gari ya heshima, na kwamba hata kaka yangu wa Kanada anakubaliana naye. Alikutaja, Khisa. Alisema wewe umekubali niuze.

Ndipo nikasema yote. Niliwaambia habari ya Machi tangu Kisaju, trela, basi, lori la nyuma lililoziba nafasi, mpaka pale mikono ilipokataa kutoka kwenye usukani. Sikuipamba. Nilisema na kosa langu pia. Kisha nikamwambia Barasa, "Mwaka mzima umesema hii ni gari ya watu wasiofikiria. Mimi nimefikiria kila siku tangu hiyo asubuhi. Wewe umefikiria nini? Rangi? Majirani? Gari hii haiuzwi. Si leo, si kwa bei hiyo, si kwa bei nyingine."

"Mwaka mzima" haikuwa kweli, ilikuwa miezi mitatu, lakini nilikuwa nimewaka.

Barasa alimgeukia ndugu yake. "Lennox, sema kitu. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Unamjua Lennox. Ni mtu mpole, na kwa Barasa, aliyemlipia karo, amekuwa mpole kupita kiasi. Alikuwa ameinamisha kichwa tangu nianze kusimulia. Niliogopa, kwa sababu kama angesema niuze, ningekataa, na sijui baada ya hapo tungeishi vipi.

Akaniuliza mimi, "Siku hiyo Elsie alikuwa ameketi wapi?"

"Mbele," nikasema. "Kando yangu. Kwa sababu ya miguu."

Kisha akasimama, akaenda mpaka alipokuwa Mbugua, akampa mkono. "Pole kwa safari, ndugu yangu. Umemsikia mwenye gari." Akatembea mwenyewe mpaka getini, akaondoa komeo, akalifungua lote, akasimama pale ameshika geti mpaka Mbugua akatoka. Kisha hakulifunga. Alibaki amelishika, akimtazama kaka yake, mpaka Barasa naye akaweka kikombe chini na kusimama.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na aliyekutumia sauti hakukuambia. Barasa hajatusemesha wiki ya tatu sasa. Nitamsalimia nikikutana naye, kwa sababu ni shemeji yangu na alinilipia karo ya mume. Lakini sitamwomba msamaha, na wewe usiniombe nimwombe. Ukinipigia, nipigie kunisalimia. Ukitaka kunishauri kuhusu gari, uliza kwanza ilivyokuwa. Nilikuwa mdogo wako, Khisa, na bado ni mdogo wako, lakini watoto hawa ni wangu na barabara hii naipita mimi.

Nisalimie mama watoto, na wale mapacha, waambie shangazi yao anauliza wamekula nini kule hadi wakarefuka hivyo. Lennox anakusalimu, na Elsie na Simiyu. Purity anasema mulembe ingawa hajui maana yake. Mama nitampelekea salamu zako nikimpigia.

Bwana akulinde unapotoka na unapoingia, wewe na nyumba yako yote, na akuondolee maumivu ya mgongo huo unaokataa kuutunza.

Ni mimi dada yako, ambaye sijapunguza kukupenda na sijarudi nyuma,

Jacinta Nasike